Ngurumo Ikilia, Jembe Chini

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Voi)

  

Leo hatuna hesabu za mbuzi wala za tangi la maji. Tumekuja kuzungumza juu ya radi, na afadhali tuanze na kosa letu wenyewe.

Wengi wenu mna katiba za vikundi ambazo sisi wa ofisi ya maendeleo ya kanisa tulisaidia kuziandika. Mnakijua kile kifungu cha siku ya kazi. Anayechelewa anatozwa, asiyefika anatozwa, na anayeondoka kabla mwenyekiti hajafunga kazi anatozwa shilingi 50. Tulikipenda sana kifungu hicho. Tulikipeleka kutoka kikundi hiki hadi kile kama mbegu bora. Na tusidanganyane, bila faini, saa nne ikifika mmoja ameshakumbuka mgonjwa, mwingine ameshakumbuka mbuzi wake.

Sasa, katika zile mvua za El Nino za mwisho wa 2023, kikundi kimoja, hatutakitaja kwa jina, kilikuwa kikichimba matuta kwenye mteremko. Alasiri ngurumo zikaanza upande wa pili wa kilima. Mvua ilikuwa bado, na pale walipokuwa jua lilikuwa linawaka. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akaweka jembe chini akaenda zake. Wenzake wakamcheka. Siku ya mkutano akatozwa 50 zake na katibu akaandika kitabuni.

Wiki iliyofuata ngurumo zikalia tena. Safari hii hakuondoka mtu, hata yeye. Radi ikapiga mgunga uliokuwa ukingoni mwa shamba. Mbuzi wawili waliofungwa chini yake walikufa papo hapo. Watu walikuwa hatua kama 40 kutoka mti ule. Wengi walisikia miguu ikifa ganzi, wawili wakaanguka, na mmoja wa hao wawili alikuwa ni yule yule mama. Mtoto hakuumia. Mama naye alipata nguvu baadaye, lakini miguu ilikuwa mizito mpaka usiku.

Hakufa mtu. Lakini habari ilipotufikia tulinyamaza, kwa sababu yule mama alikuwa amefanya sawa mara ya kwanza, na kilichomrudisha shambani mara ya pili ni kalamu yetu.

Basi hebu tuelewane kwanza radi ni kitu gani. Wingu la radi mnalifahamu, lile linalopanda juu kama kichuguu, kichwa cheupe na tumbo jeusi. Hata kama hapa Voi tunatoka jasho, kule juu ya wingu ni baridi kali na kuna barafu. Vipande vya barafu na mvua ya mawe vinagongana na kusuguana ndani ya upepo, na katika kusuguana huko nguvu za umeme zinajitenga na kujikusanya. Zikizidi, zinatafuta njia. Nyingine zinaruka kutoka wingu hadi wingu, nyingine zinashuka kwetu. Hewa inayopitiwa na radi hupata joto la nyuzi kama 30,000, yaani mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa ikipata moto wa ghafla namna hiyo hupasuka, na mlio wa kupasuka huko ndio ngurumo. Kwa hivyo hakuna ngurumo isiyo na radi. Ukiisikia, hata kwa mbali, radi imeshapiga mahali.

Sasa shikeni neno hili, maana ndilo lililotuleta hapa: radi haiongozani na mvua. Inaweza kupiga kilomita 10 kutoka pale mvua inaponyesha, au hata zaidi, mahali penye jua na anga la buluu. Sisi tumezoea kungoja tone la kwanza. Tunasema, acha nimalizie mstari huu, mvua bado. Tunasema, hiyo ni ya Sagalla, sisi wa Voi haituhusu. Lakini mtu akisikia ngurumo ya Sagalla akiwa Voi, ameshakuwa karibu vya kutosha kupigwa.

Kuna namna ya kupima. Ukiona mmweko, anza kuhesabu polepole, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, mpaka usikie mlio. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukifika 30 ndipo usikie ngurumo, radi iko kilomita 10, na huo ni wakati wa kuwa mmeshaingia mahali pazuri, si wakati wa kuanza kukusanya majembe. Nasi tunasema hivi: hesabu ni nzuri kwa watoto wa shule, wataipenda, lakini kwa kikundi kilicho shambani kusikia tu kunatosha. Ikilia, jembe chini.

Na mkishajificha msitoke haraka. Ngojeni nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Ikilia nyingine katikati, anzeni kuhesabu nusu saa upya. Wengi hupigwa mvua ikipungua, pale mtu anaposema imekwisha, hebu nikafungue ng'ombe.

Mzee mmoja alituuliza, kwa nini wale wa hatua 40 walianguka na radi imepiga mti? Swali zuri sana. Wengi wetu tunafikiri radi ni kama mshale, ikikukosa imekukosa. Fikirini mfereji wa maji shambani. Ukingo ukibomoka, maji hayapiti pale pale tu, yanasambaa pande zote, mengi hapa karibu, machache kule mbali. Nguvu za radi zikifika ardhini zinasambaa hivyo hivyo. Ukiwa umesimama na miguu umeipanua, zinapanda mguu mmoja na kushuka kwa mwingine, kwa sababu mguu mmoja uko karibu na pale ilipopiga kuliko mwingine. Watu wanaopigwa moja kwa moja kichwani ni wachache. Wengi huumizwa na hiyo inayotembea ardhini, au na ile inayoruka kutoka kwenye mti kuja kwa mtu aliyejikinga chini yake.

Ndiyo maana ng'ombe wanakufa wengi kwa pigo moja. Miguu ya mbele na ya nyuma imeachana sana na moyo uko katikati. Mfugaji mmoja wa ranchi alitueleza jinsi ng'ombe wanavyojikusanya chini ya mti mmoja au kujipanga kwenye waya wa ua mvua ikija. Mti na waya, hapo ndipo pabaya hasa. Waya unaweza kubeba pigo kutoka mbali sana hadi hapo ulipoushika. Sisi tuna nyua nyingi za waya katika wilaya hizi, za ranchi, za mashamba ya mkonge, na zile za stima za kuzuia ndovu. Wachungaji wa mifugo waambiwe, na hasa watoto: radi ikilia, mbali na waya, mbali na mti ulio peke yake, mbali na kilele. Wasikumbatiane wala kushikana mikono. Waachane kwa hatua nyingi, ili pigo moja lisiwachukue wote na abaki wa kuwasaidia wengine.

Na lile la kuchuchumaa miguu pamoja, tulilofundishwa zamani? Si kinga. Kama umenaswa mahali wazi huna pa kwenda, chuchumaa, ni afadhali kuliko kusimama wima. Lakini mtu asichuchumae huku kuna matatu barabarani. Kimbia uingie. Gari lenye mwili wa chuma na paa la chuma, vioo vimefungwa, ni mahali pazuri, kwa sababu nguvu hupita kwenye bati la nje na kushuka chini. Usiguse vyuma vya ndani tu. Nyuma ya pikapu si ndani ya gari. Boda boda si gari. Trekta lisilo na kabini vile vile.

Kuna mambo mawili ya kwetu hapa ambayo hatujayaona katika vitabu vya wageni.

La kwanza ni dungu. Mahindi yakianza kubeba, ndovu wa Tsavo nao wanafika, wala hawapigi hodi. Mlinzi anakaa usiku kucha juu ya dungu na debe lake au kipande cha bati cha kugonga. Na huo ndio msimu wa mvua. Mtu yuko juu kuliko kila kitu shambani, ameloa, na mkononi ana bati. Tumezungumza na walinzi hao. Wanasema, nikishuka ndovu atamaliza shamba, na watoto watakula nini? Hatuna jibu tamu hapa. Tunachosema ni kwamba ngurumo ikianza, mlinzi ashuke na aondoke kabla giza la mvua halijamfungia njia, kwa sababu kukutana na ndovu kwenye mvua usiku ni hatari ya pili. Mahindi yaliyoliwa yanaweza kudaiwa fidia chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Tunajua fidia inakawia, msituangalie hivyo. Lakini kwa dungu lililopigwa na radi hakuna hata fomu ya kujaza.

La pili ni maji ya paa. Huku chini kwenye joto, mvua ni mali. Ikianza tu, mama anatoka na beseni, sufuria na ndoo, anasimama chini ya gata akishika beseni mkono huu na bati mkono ule. Tumefanya sote. Ni nani atakayeacha maji ya bure yaende na hali mtungi unanunuliwa? Lakini hapo umejiunganisha na paa lote. Panga vyombo mapema, wingu likionekana, kisha ingia ndani uviache vijae vyenyewe. Na vikundi vyenye mradi wa matangi, maliziani gata na bomba la kuingiza kwenye tangi kabla ya msimu. Kazi ya gata ni ya kiangazi.

Sasa tuje kwenye nyumba, na hapa tunaomba msikilize kwa makini, maana jambo hili halisemwi wazi.

Mara kwa mara tunaulizwa kama mabati yanavuta radi. Hapana. Paa la mabati halivuti radi kuliko paa la makuti au nyasi. Shida ni kwamba radi ikishafika kwenye bati, inataka kwenda ardhini. Katika nyumba ya mawe yenye nyaya za stima na mabomba ya maji ndani ya kuta, inapata njia hizo na kushuka. Ndiyo nyumba iliyo salama, mradi usioge, usioshe vyombo, na usiguse kitu kilichochomekwa ukutani. Lakini katika nyumba ya udongo na fito, hakuna chuma kutoka paani hadi chini. Radi inaruka kutoka kwenye bati kuingia kwa watu waliomo. Na la nyasi linashika moto juu yake.

Nyumba zetu nyingi ni hizo. Kumwambia mtu wa nyumba ya udongo akimbilie nyumbani, kisha tukanyamaza, ni kumdanganya. Kama kuna jengo zuri karibu, au gari, nendeni huko mapema. Kama hakuna, ndani ya nyumba ni afadhali kuliko chini ya mti, lakini kaeni katikati ya chumba, mbali na ukuta, mlango na dirisha. Keti kwenye stuli ya mbao au kitandani, miguu pamoja. Msiegemee nguzo. Waya wa sola unaotoka paani, kaeni mbali nao. Simu ya mkononi haivuti radi, ongea upendavyo, ila isiwe imechomekwa kwenye chaja. Kufunika kioo na kuvua nguo nyekundu, kama walivyotufundisha bibi zetu, hakudhuru wala hakusaidii. Funika kioo ukipenda, lakini usisimame mlangoni kutazama mvua. Na yote haya yanapunguza hatari tu, hayaiondoi.

Na mahali pa watu wengi je? Tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, watoto 18 wakafa darasani. Januari 2025, kule Bukombe mkoani Geita, Tanzania, wanafunzi 7 wa shule ya sekondari ya Businda walifariki. Tarehe 10 Machi 2018 huko Nyaruguru, Rwanda, watu 16 walifariki radi ilipopiga kanisa wakiwa ibadani. Tarehe 2 Novemba 2024 katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, watu walikuwa wamekusanyika kwa ibada vile vile. Walifariki 14, wengi wao watoto na vijana, na 34 wakajeruhiwa.

Tumetaja ibada makusudi. Kanisa letu likiwa kuta za udongo na paa la mabati, ni jengo kama jengo lingine. Na huwa limejengwa pale juu ili lionekane! Katika Ulaya ya karne ya 18 walikuwa wakipiga kengele za kanisa ili kufukuza radi, na wapiga kengele wakawa wanakufa wakiwa wameshika kamba iliyoloa chini ya mnara mrefu kuliko majengo yote. Hawakukosa imani.

Dawa ya jengo la watu wengi inajulikana. Ni fimbo za chuma juu ya paa, waya nene wa kushusha nguvu, na vyuma vilivyozikwa ardhini vya kuzipokea, vyote vimeungana. Fimbo haizuii radi kupiga. Inaipa njia ya kupita bila kupitia kwa watoto. Shule ya Runyanya iliwekewa kinga ya namna hiyo baadaye. Kazi hiyo ifanywe na fundi aliyesomea. Kinga iliyokatika katikati ni mbaya kuliko kukosa, kwa sababu inaleta nguvu karibu kisha inaiacha hapo. Na lingine, waya wa shaba huibiwa ukauzwa chuma chakavu, kwa hivyo uwekwe pale mkono haufiki, na kila mwanzo wa msimu mtu akague. Nendeni kwenye kamati za shule mkaulize: shule yetu ina kinga? Nani aliikagua mara ya mwisho? Kikundi kinachoweza kuchangisha harambee ya tangi kinaweza pia kuanzisha harambee ya kinga ya darasa.

Tumefika sehemu ngumu. Mnajua watu wakipigwa na radi, swali la kwanza ni nani ameituma. Kuna wanaosema inanunuliwa, kuna wanaosema wanamjua mwenye kuuza. Jirani mliyegombana naye kwa sababu ya mpaka anaanza kutazamwa. Mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni anaanza kutazamwa. Hapa pwani tumeona wazee wakiuawa kwa maneno kama hayo.

Bwana Yesu mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, na akakataa kwamba hao walikuwa na makosa kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Someni Luka sura ya 13 mkifika nyumbani. Tulipoisoma baada ya habari za Runyanya, hesabu ile ile, 18, ilitushtua. Watoto wale walikuwa darasani kwao. Radi hupiga mti mrefu, mtu aliye wazi, na nyumba isiyo na njia ya kuishusha. Haiulizi ni mpaka wa nani. Na kwa wale ambao Biblia haitoshi, sheria ya Kenya tangu 1925 inamshtaki anayemwita mwenzake mchawi.

Lakini madhara makubwa ya imani hii ni haya: watu hawamgusi aliyepigwa. Wanasimama mbali. Wanasema bado ana umeme ndani, au wanasema mpaka atendewe kitu fulani kwanza. Ndugu zetu, mwili hauhifadhi radi. Imepita, imekwenda. Mguse saa hiyo hiyo, hutapata chochote.

Na anayeonekana amekufa huenda hajafa. Radi inasimamisha moyo na pumzi kwa mshtuko. Moyo mara nyingi huanza tena wenyewe, lakini pumzi hukawia, na bila hewa moyo unasimama mara ya pili, ndipo mtu anakufa kweli. Katika nchi zilizohesabu vizuri, kati ya watu 10 wanaopigwa na radi, 9 hivi huishi. Dakika zile chache ambazo sisi tunasimama mbali tukilia ndizo dakika zake.

Kama wamepigwa wengi, usimwendee kwanza anayepiga kelele. Anayelia anapumua. Mwendee aliyenyamaza. Kama radi bado inapiga, msogezeni haraka mahali palipo na nafuu, maana mahali palipopigwa panaweza kupigwa tena. Mlaze chali kwenye ardhi ngumu. Kama haitiki na hapumui vizuri, piga magoti kando yake, weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, sukuma kwa nguvu kifua kiingie kama sentimita 5, kiachie kirudi, sukuma tena. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani haraka kuliko mnavyotwanga. Aliyefundishwa, baada ya kusukuma mara 30 apulize pumzi mbili mdomoni. Ukichoka apokee mwenzako. Msiache mpaka apumue au msaada ufike. Wakati huo mwingine apige simu, Msalaba Mwekundu ni 1199 na haitozwi, na mwingine atafute gari la kwenda hospitali.

Hata aliyeamka mwenyewe apelekwe hospitali. Masikio yanaweza kuwa yamepasuka ndani, anaweza kusahau mambo, au miguu ikawa imelegea na ya baridi kwa saa kadhaa kama ilivyompata yule mama. Miguu hiyo hurudi. Haijafungwa na mtu.

Sasa turudi kwenye katiba zetu. Tumekuja na kifungu kipya, na tunaomba kila kikundi kikijadili katika mkutano ujao. Kinasema hivi: ngurumo ikisikika, mwanakikundi yeyote ana haki ya kuweka jembe chini na kuondoka bila kuomba ruhusa, na hatatozwa. Mwenyekiti atafunga kazi, na kazi haitaanza tena mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kabla ya kazi kuanza, kikundi kitakubaliana ni wapi watu watakimbilia.

Mwenyekiti mmoja alitupinga. Alisema, na tunamheshimu kwa kusema wazi, kwamba watu wataitumia ngurumo kama kisingizio, lori likipita wataapa wamesikia radi. Wacha waape. Hesabuni katika madaftari yenu siku za kazi za mwaka mzima, kisha hesabuni siku ambazo ngurumo ililia wakati wa kazi. Mtaona ni chache. Katika vijiji vya juu milimani zitakuwa nyingi zaidi, na huko ushauri wetu ni kuanza mapema asubuhi msimu wa mvua, kwa sababu mawingu haya hupenda kujijenga mchana na kulia alasiri.

Kile kikundi cha matuta kimeshakubali. Zile shilingi 50 walimrudishia yule mama mbele ya mkutano. Mweka hazina alituuliza aziandike wapi, kwa sababu kitabu hakina safu ya faini inayorudishwa. Tulimwambia atengeneze.

Mafunzo ya kusukuma kifua tutaanza na vikundi vilivyo mbali na barabara. Kila kikundi kiandike majina mawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na mmoja wao awe ni mtu anayekaa karibu na shule. Mje na gunia lililojazwa nguo kuukuu na kufungwa vizuri, la kufanyia mazoezi. Chai iko, mkate mtanunua wenyewe.